Unasoma nini saa hii? Vile utawaambia watu mpaka wakujibu

Kwenye magrupu mengi ya huku Kisumu, na nimeona ya Nakuru na Kakamega ni vile vile tu, mtu akiuliza "jamani mnasoma nini wiki hii" kinachofuata ni picha. Kava, kava, kava, mmoja ameweka kava na kikombe cha chai kando, alafu vidole gumba vitatu, alafu mtu anatuma tangazo la ploti Lanet na stori imeishia hapo. Na hao watu wanasoma kweli, wengine wako na mambo mazito ya kusema juu ya hivyo vitabu. Lakini kutuma kava bila neno ni kama kumpigia mtu simu, anashika, wewe unanyamaza. Atasema "hallo" mara mbili alafu akate.

Sasa hapa nitaeleza vile mimi naona inafaa kufanywa, kuanzia kuchagua kitabu cha kutaja mpaka siku unakimaliza. Kama wewe unasoma peke yako na hutaki stori na mtu, hii si yako, endelea kusoma tu kwa amani.

1. Taja kimoja, chenye umekishika kweli

Wengi wetu tuko na vitabu kama vitatu vinaendelea kwa wakati mmoja. Kimoja kiko kwa simu, kimoja kwa begi ya kazi, kimoja kiko kando ya kitanda kimekaa hapo tangu Krismasi na hata vumbi imekizoea. Usivitaje vyote. Ukitaja vitatu hakuna mtu atajua akuulize juu ya kipi, kwa hivyo hatauliza.

Taja kile ulikifungua jana au leo. Najua kuna ile tamaa ya kutaja chenye kinaonekana kizito, historia ya vita, falsafa, kitu ina kurasa mia sita, na ukweli ni kwamba kile unasoma usiku kabla ulale ni riwaya ya mapenzi. Sema hiyo ya mapenzi. Mtu akikuuliza swali moja tu juu ya hicho kizito utaanza kutapatapa, na hii Kisumu ni ndogo, wanaojua watajua.

Na usiwaze ati lazima iwe riwaya. Kitabu cha kufuga kuku ni kitabu. Manuali ya injini ambayo fundi anaisoma jioni gereji ikifungwa ni kitabu. Biblia, ukisema uko kitabu gani na sura gani, ni kitabu. Cha kusikiliza kwa masikio ukiwa kwa matatu ya kuenda Maseno, hicho pia ni kitabu, sema tu unakisikiliza ndio mtu asikuulize ukurasa.

Alafu kuna setibuku, vile vitabu vya hadithi wanafunzi wa sekondari husomea mtihani. Wazazi wengi husoma setibuku ya mtoto kisiri, wanaichukua mtoto akilala, na hawawezi kusema kwa grupu juu wanaona ni kitu ya shule. Hapo wanapoteza bahati kubwa, juu setibuku ndicho kitabu pekee ambacho utakuta boda wa Kondele, nesi, karani wa kaunti na mwalimu wote wamekisoma mpaka mwisho. Ukitaja Siku Njema ya Ken Walibora, ile ya 1996, utashangaa, watu wazima wenye vitambi wanaanza kumkumbuka yule kijana wa Tanga aliyesafiri mpaka upande wa Kitale akimtafuta babake, mtu anakuambia alikisoma chini ya meza saa ya hesabu. Na ukitaja Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, utapata watoto wa sekondari wakikujibu, tena kwa ujuaji, na hao ni ngumu sana kupata wakiongea na mtu mzima juu ya kitu yoyote.

2. Sema umefika wapi

Hii ndiyo watu wengi huruka na ndiyo ya maana kuliko zote. "Nasoma kitabu fulani" haina mlango wa mtu kuingilia. "Niko chapta ya nne na sijui kama nimwamini huyu shangazi" iko nao.

Tumia chapta, usitumie ukurasa. Ukurasa wa 112 kwa kopi yako si lazima uwe 112 kwa kopi ya mwenzako, wachapishaji wanaweza kubadilisha saizi ya maandishi wakitoa toleo jipya, na kwa simu ndio kabisa, ukiongeza ukubwa wa herufi kitabu cha kurasa mia mbili kinakuwa mia nne. Kama kitabu hakina chapta zilizo na namba, sema jina la ile sehemu, ama sema "karibu nusu", ama ile asilimia apu inakuonyesha pale chini. Sikia, hata "nimesoma kurasa kumi tu na nimekwama" inatosha, tena hiyo mara nyingi inaleta majibu mengi kuliko ile ya kusifu. Watu wanapenda kumsukuma mtu aliyekwama. Mmoja atakuambia vumilia mpaka chapta ya sita ndio moto unawaka, mwingine atakuambia achana nayo, na hapo wawili hao wameanza kubishana wenyewe na wewe umekaa unatazama tu.

3. Weka maelezo yenye mtu anaweza kwenda nayo dukani

Jina kamili la kitabu, jina la mwandishi limeandikwa sawa, na lugha. Lugha taja kabisa, juu kuna mtu ataona jina la Kiingereza aogope bure na labda kitabu kiko pia kwa Kiswahili, na kuna wale wanatafuta Kiswahili pekee.

Mwandishi usiandike jina la mwisho peke yake. Huku kwetu ukisema "kitabu cha Ogot" lazima utofautishe, kuna Grace Ogot wa hadithi na kuna Bethwell Ogot mwanahistoria, walikuwa bwana na bibi, na mtu anaweza kwenda kwa duka kutafuta hadithi arudi na historia ya Waluo. Si ati itamdhuru lakini si yenye alitaka.

Ukitaka kufanya kazi safi, fungua ule ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, wenye maandishi madogo madogo yenye hakuna mtu husoma. Piga picha hiyo. Hapo kuna mchapishaji, mwaka kilipotoka kwanza, toleo, na ISBN. ISBN ni namba ya tarakimu 13 (vitabu vya kabla ya 2007 vilikuwa na 10) na inasaidia kuliko jina, juu majina ya vitabu hufanana. Vya kuchapishwa Kenya utaona vinaanza na 978-9966, siku hizi pia 978-9914, na vya Tanzania 978-9976 ama 978-9987. Muuza vitabu akiambiwa hiyo namba hawezi kukupa kitabu kingine ati "hii ndio hiyo tu, kava imebadilika".

Na sema ulikipata wapi. Ulinunua dukani, uliokota kwa wale wa mitumba ya vitabu kando ya barabara, uliazima kwa mtu, ama ni cha maktaba. Kama ulinunua weka bei. Tafadhali weka bei. Itaulizwa tu, na ikiulizwa inbox watu kumi na wewe ndio utachoka kujibu. Kama ni cha maktaba pia sema, kuna watu wamezaliwa hapa wamekulia hapa na hawajawahi kuingia kwa ile maktaba ya Kisumu, wanadhani ni ya wanafunzi wa kusomea mtihani. Sheria iliyounda shirika la maktaba za taifa ni ya 1965, na Katiba ya 2010 ikapeleka maktaba kwa kaunti, kwa hivyo ni vitu vyetu, tunalipia kodi, na mtu mzima ana haki ya kuingia kuchukua riwaya.

4. Ile aya moja

Sasa hapa ndio kazi iko. Umeshasema kitabu gani, umefika wapi, kimetoka wapi. Unahitaji sentensi kama tatu nne za kufanya mtu asimamishe kidole.

Usianze na "kitabu kizuri sana". Kizuri aje? Kila mtu husema hivyo hata juu ya vitabu hajafungua. Anza na mtu na shida yake. Nani anataka nini, na nani ama nini kimemzuia. Hiyo tu. Alafu malizia na swali ambalo mtu ambaye hajasoma hicho kitabu anaweza kujibu. Swali la "kuna mtu amesoma hiki?" linafukuza watu tisa kati ya kumi, hao tisa wanasema sio mimi wanapita.

Wacha niweke mfano ndio tuelewane:

"Nasoma The Promised Land ya Grace Ogot, ya Kiingereza, ilitoka 1966. Niko mwanzo mwanzo tu. Ochola anataka wahame Nyanza waende Tanganyika juu amesikia huko shamba ni kubwa na linazaa, bibi yake Nyapol hataki kabisa, lakini nani anamuuliza. Sasa nauliza nyinyi, kwenu kuna mtu alihama kuenda huko Tanzania kutafuta shamba? Alirudi ama alibaki?"

Hiyo ukiituma kwa grupu ya watu wa huku, wale hawajawahi kusoma riwaya tangu form four watakujibu, juu kila boma iko na mjomba mmoja wa namna hiyo. Watabishana juu ya mjomba, juu ya shamba, juu ya kama bibi angekataa ingekuwaje. Na katikati ya hiyo kelele mtu atauliza "hicho kitabu naweza pata wapi", na huyo sasa ndiye ulikuwa unamtafuta. Kuna pia mtu ataongeza kwamba mwandishi mwenyewe alizaliwa Asembo na baadaye akawa mbunge wa Gem, na vijana watashangaa juu walidhani waandishi ni watu wa mbali.

Linganisha na hii ya kawaida: "Currently reading" na picha. Hata wewe jibu hiyo kama unaweza.

Swali lako likiwa la siri sana za watu, kama mambo ya ndoa ama ugonjwa, geuza liwe juu ya mhusika. "Mngekuwa Nyapol mngefanya nini" ni rahisi kujibiwa mbele ya watu kuliko "mmewahi kulazimishwa na bwana". Kwa grupu yenye kuna mama mkwe na pasta, hiyo tofauti utaiona.

Kitabu kisicho cha hadithi ndio rahisi hata zaidi. Toa jambo moja lenye hukujua. Moja, sio saba. "Nasoma juu ya kufuga kuku, kitabu kinasema vifaranga wakijibana pamoja chini ya taa wanahisi baridi, wakikaa mbali na taa wanahisi joto, kwa hivyo waangalie wao kabla uangalie kipimo. Wafugaji wa Njoro mnasema aje na ile baridi yenu?" Kwisha, hapo utapata darasa la bure.

Sasa mambo ya kumwaga stori. Sheria yangu ni hii, chochote kilichoandikwa nyuma ya kava unaweza kusema, na chochote cha robo ya kwanza ya kitabu unaweza kusema, zaidi ya hapo unauliza kwanza. Watu husema "ah, hicho ni cha zamani kila mtu anakijua". The River and the Source ya Margaret Ogola ni ya 1994, ilishinda tuzo ya Commonwealth upande wa Afrika 1995, shule nyingi zilikisoma, na bado kuna msichana wa sekondari pale Nyalenda anakianza leo jioni. Hicho kitabu kinafuata familia moja vizazi vinne kuanzia kwa Akoko, na watu hufa humo, sasa wewe ukiandika jina la mwenye anakufa umemwibia huyo msichana machozi yake. Kama lazima useme, andika juu kabisa kwa herufi kubwa "NATOBOA, KAMA HUJAFIKA CHAPTA FULANI RUKA", alafu shuka mistari kadhaa na uweke tu nukta ndio maneno yajifiche chini ya ile "soma zaidi". Telegram iko na njia ya kuficha maneno mpaka mtu aguse, WhatsApp ukiwa huko tumia tu hizo nukta.

Kitu kingine, nukuu. Ukiona sentensi imekugonga, iandike kwa mkono wako mwenyewe kwa simu, sentensi moja ama mbili, weka chapta. Usipige picha ukurasa mzima ukapigia mstari, hakuna mtu wa kusoma ukurasa mzima uliopinda kwa skrini imepasuka.

5. Wapi na saa ngapi

Stetasi ya WhatsApp inakaa masaa 24 na inaonekana tu na wale mmehifadhiana namba pande zote mbili. Hii watu husahau, mtu anaweka stetasi tatu za kitabu anashangaa mbona mwalimu wake wa zamani hajaona, kumbe mwalimu hana namba yake mpya. Kwa stetasi andika maneno matupu kwa ile rangi ya nyuma, usiweke kava, ama kama ni kava basi maneno yawe juu yake. Mtu akiwa amebakisha bando ndogo, maneno yanafunguka na picha inazunguka tu.

Kwa grupu, jioni baada ya chakula ni sawa kuliko asubuhi. Jumapili mchana ndio bora, watu wametoka kanisa, wengine wametoka soko la Kibuye na mizigo, wamelala kwa kochi na simu.

Voisi noti ni tamu, hasa kwa mwenye anajua kusimulia, lakini isipite dakika moja na utaje jina la kitabu na mwandishi sekunde za kwanza kabisa, alafu uandike hayo majina chini pia. Hakuna mtu anaweza kutafuta ndani ya voisi noti wiki mbili baadaye.

Goodreads, apu ya kurekodi vitabu unavyosoma, iko tangu 2007, inakupa rafu tatu, ulizosoma, unazosoma sasa na unazotaka kusoma, na ni nzuri kwa kuweka hesabu yako. Shida yake ni vitabu vya Kiswahili, vingi havimo ama vimo na jina limeandikwa vibaya. Tafuta kwa ISBN kwanza, ikikosa unaweza kuomba kiongezwe, na ndio maana nilikuambia upige picha ule ukurasa wa maandishi madogo. Kuna pia StoryGraph, wengine wanaipenda juu haina makelele mengi. Mimi naona hizo apu ni za kujiwekea rekodi, stori yenyewe kwa watu wetu iko WhatsApp na kwa mdomo.

Kwa mdomo, ndio. Tusisahau. Ubao wa stafu rumu, kipande cha karatasi kwa ukuta wa salon, "Wiki hii nasoma ..., niulize". Kwa matatu ya Kisumu kuenda Nakuru una masaa kadhaa na jirani mwenye hujui utamwambia nini, shika kitabu kava ikionekana tu. Na kama wewe ni wa kuvalisha vitabu karatasi ya khaki vile tulifundishwa shule, andika jina la kitabu kwa hiyo khaki kwa kalamu nene, ama sivyo jirani atadhani ni daftari ya madeni.

Kuhusu picha, kama lazima upige: karibu na dirisha, bila flashi, na angalia kuna nini kingine ndani. Huku tunatumia risiti ya basi kama alama ya kurasa, na hiyo risiti iko na jina lako na namba yako ya simu. Angalia pia jina la shule ya mtoto lililopigwa muhuri kwa setibuku, na namba ya uanachama wa maktaba.

6. Kama wewe ndiye adimini

Chagua siku moja ya wiki, iwe ni hiyo hiyo. Weka mfano wa mistari mitatu (kitabu na mwandishi, umefika wapi, swali moja) kwa maelezo ya grupu na ubandike mfano juu kwa siku 7 ama 30, WhatsApp inaruhusu. Anza wewe mwenyewe, usiulize alafu ukae ungoje. Kama watu ni wazito, tumia kura, ile poli, inachukua machaguo mpaka 12, na mtu mwenye haya ya kuandika atabonyeza tu "niko katikati ya kitabu", wewe unamfuata pole pole.

Na sasa pidiefu. Kila ukitaja kitabu dakika mbili hazijaisha kuna mtu "nitumie softikopi" na kuna mwingine "niko nayo hapa". Kataza. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inalinda kitabu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Walibora alituacha Aprili 2020, kwa hivyo vitabu vyake vinalindwa mpaka mwisho wa 2070, na anayepata hizo pesa ni familia. Najua vitabu ni ghali na mshahara ni ule ule, lakini grupu ya watu wanaodai wanapenda waandishi wa Kenya alafu wanasambaza kazi zao bure, hapana. Pesa ikiwa hakuna, azimaneni hadikopi, ama changeni kama chama mnunue kopi mbili zizunguke. Vya bure vya halali pia viko, Project Gutenberg kwa vya zamani vya Kiingereza, na African Storybook kwa hadithi za watoto za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, hivyo sambaza mpaka uchoke.

Jambo la mwisho la adimini, linda watu wa riwaya za mapenzi, na wa vitabu vya pesa, na wa vya kiroho. Kuna yule msomi mmoja kwa kila grupu anaandika "hicho nacho ni kitabu?" Mwandikie inbox, kwa heshima, "Mwalimu, hapo umemfunga mdomo dada yetu, na alikuwa ndio anaanza kufunguka." Wengi huelewa. Asiyeelewa ataelewa wengine wakiacha kumjibu.

7. Wakijibu

Jibu ya kwanza ijibu haraka, kabla ya lisaa kuisha, juu wa pili na wa tatu wanaangalia kama kuna mtu nyumbani. Ya kusifu kava wape kidole gumba inatosha. Mtu akisema amekisoma, usimuulize kama alikipenda, muulize alifikia wapi akakasirika ama akacheka, na umkumbushe uko chapta gani ndio asikutoboe.

"Niazime" itakuja. Amua jibu kabla utume posti. Kama ni cha maktaba ama cha mtu sema pale pale kwa posti, "hiki si changu, siwezi kuazimisha", umemaliza. Kama ni chako na uko tayari, andika jina lako ndani ya kava, kubaliana tarehe ya kurudisha hapo kwa grupu mbele ya watu, sio inbox, alafu piga picha mtu akikishika ukimpa. Hiyo picha haina ubaya, ni ya furaha tu, lakini baada ya miezi miwili ukiituma tena na kichwa "tunakumbuka siku njema", kitabu kitarudi na boda kabla ya jioni. Ukiwa hutaki kuazimisha sema hutaki. "Pole, hivi vyangu havitoki nyumba" ni jibu kamili na hakuna mtu amewahi kufa nalo.

8. Kumaliza, ama kuacha

Watu wengi hutangaza wameanza na hakuna anayejua kama walimaliza. Rudi useme, hata mstari mmoja, na ujibu ile posti yako ya kwanza ndio walioifuata waone zote mbili. Kama umekiacha njiani sema chapta uliyoachia na sababu yenyewe, herufi ndogo sana, Kiswahili kigumu, ama kazi ilizidi. Sababu ya wewe kuacha mara nyingi ndio sababu ya mwingine kutaka, "maelezo ya samaki na ziwa yamejaa sana" kwa mtu wa Dunga, huko kando ya ziwa, hiyo ni sifa.

Alafu tangaza kitabu kiko huru: "Nimemaliza, niko nacho Jumamosi hii stendi ya matatu saa nne asubuhi, wa kwanza kuandika hapa chini ndiye anachukua, anarudisha ama anampa mwingine lakini aseme amempa nani."